Kumsajili Kitindamimba Wetu

Mashine ya kusaga ninayofanyia kazi hapa Handeni ina saa zake za kelele na saa zake za kupumua. Asubuhi kina mama wanapanga ndoo zao za mahindi hadi nje ya mlango. Jua likishapanda sana foleni inakatika, mkanda unasimama, na vumbi la unga linatua taratibu juu ya kila kitu, nikiwemo mimi. Ndipo ninapofuta kioo cha simu kwa upindo wa shati na kuingia kwenye chuo chetu.

Nasema chuo chetu kwa sababu ni chetu sisi watatu, ingawa kiko Marekani, hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko, na zaidi ya hayo chenyewe hakipo. Ni mchezo wa mtandaoni. Unapewa chuo kimoja, unakuwa kocha wa timu yake ya mpira wa kikapu, na unapambana na makocha wengine waliokaa na simu zao pande zote za dunia. Mpira wenyewe huuoni ukirushwa. Unaona maandishi na namba tu: nani kafunga, nani kakosa, nani kaumia goti. Mara ya kwanza niliona ni kama kusikiliza mechi redioni wakati mtangazaji ana mafua.

Aliyetuletea ni mdogo wangu anayenifuata, yule aliye Korogwe akisomea ualimu. Alicheza kikapu sekondari, ni mrefu, na anapenda mahesabu. Wa tatu ni kitindamimba wetu, msichana, ambaye kwa miaka mingi ameishi Vugiri, milimani, kwa mjomba wetu.

Baba yetu alikuwa Mzigua wa hapahapa, mama Mshambaa wa kule juu. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla hatujazoea. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini ya baba, mjomba aliteremka kutoka Vugiri, akakaa nasi kidogo, akatazama jiko, akatazama madumu matupu, akatutazama sisi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bweni, huyo akaachwa aendelee. Mimi nikasema ninabaki na nyumba. Kitindamimba alikuwa bado mdogo, analala na khanga ya mama kaikumbatia. Mjomba akambeba mgongoni pamoja na hiyo khanga, akaenda naye. Hakuna aliyekosea. Sikurudi shule, nikapata kazi mashineni, na maisha yakaenda. Lakini nyumba ya watoto watatu ikawa sehemu tatu, na sehemu hizo zilikutana Idi tu, zikioneana haya kama wageni.

Mchezo ndio uliotukutanisha tena. Mdogo wangu alipobadilisha simu, ile ya zamani yenye ufa aliipeleka Vugiri, na kitindamimba akagundua kwamba mtandao unashika vizuri ukisimama karibu na zizi la ng'ombe. Tukafungua kundi letu la watu watatu. Siku nzima sauti zikawa zinapita: ya Korogwe na honi za mabasi, ya Vugiri na ng'ombe, ya kwangu na mashine.

Kazi tuligawana. Mwalimu mtarajiwa alipanga nani acheze na nani akae benchi. Kitindamimba alisoma Kiingereza cha maelezo na kutueleza, kwa kuwa mimi changu kiliishia njiani. Mimi nikapewa usajili.

"Wewe braza una subira," alisema yule wa Korogwe. "Usajili unataka mtu asiyechoka."

Usajili ndio roho ya mchezo huo. Kila mwisho wa msimu wachezaji waliomaliza masomo wanaondoka, nawe unatakiwa kutafuta wengine kutoka shule za sekondari. Kila wiki unapewa alama chache za kutumia. Kumpigia kijana simu kunakula alama, kumtembelea kwao kunakula nyingi zaidi, kumwalika aje akione chuo kunakula kuliko vyote. Pembeni ya jina lake kuna orodha ya vyuo vinavyomtaka, na kila chuo kimeandikiwa asilimia: hii ndiyo nafasi yenu ya kumpata. Siku ya kuamua ikifika, kijana anachagua mwenyewe. Kocha huna la kufanya.

Mimi nilikuwa na tabia moja. Nikimpenda kijana, alama zote namwagia yeye. Wiki hii, wiki ijayo, na inayofuata. Yule wa Korogwe aliona huo ni wazimu.

"Braza, wewe ukipanda mahindi unatia punje ngapi kwenye shimo?"

"Tatu. Mbili, mbegu ikiwa nzuri."

"Kwa nini usitie moja?"

"Isipoota je?"

"Enhe! Sasa mbona huku unatia moja?" Akanifafanulia kwa sauti ndefu kama kipindi cha darasa. Ukiwafuata vijana watatu, kila mmoja ukiwa na nafasi ya theluthi moja tu, hatari ya kukataliwa na wote watatu ni ndogo kuliko unavyodhani. Mara nyingi utapata angalau mmoja. Usikimbilie nyota anayetakiwa na vyuo vikubwa. Tafuta wale ambao hakuna anayewatazama, uwe wa kwanza kuwapigia, na usiruke wiki, maana ukiruka wiki moja tu asilimia inashuka.

Hilo la kutoruka wiki nililielewa bila kufundishwa. La punje tatu nilikubali kwa kichwa, moyo ukakataa.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kucheza chini ya kikapu, mrefu, mzito, wa mji mdogo ambao hata ramani ya mchezo iliuandika kwa herufi ndogo. Nilimfuata msimu mzima. Tulifika asilimia themanini. Nilikuwa nimeshamwona kichwani akiingia na begi lake. Siku ya kuamua akachagua chuo kilichokuwa na ishirini.

Niliituma habari hiyo kwenye kundi kama mtu anayetangaza msiba. "Wametuibia," nikasema. "Themanini ni yetu."

"Hujaibiwa, braza. Na hiyo ishirini nayo ina mwenyewe."

Kitindamimba akatuma sauti, nyuma yake ng'ombe akilia. "Kaka, pole. Labda alitaka kukaa karibu na kwao. Ulimwuliza?"

Haiwezekani kumwuliza, nikamwambia. Akasema inawezekana. Kuna sehemu ya kuchunguza: unatumia alama kidogo tu, na mchezo unakufunulia kijana anajali nini. Wengine wanataka chuo chenye jina, wengine wanataka kucheza mara nyingi, wengine hawataki kuwa mbali na mama zao. Mimi sehemu hiyo nilikuwa siigusi. Niliona ni kupoteza alama ambazo ningemtembelea nazo.

Mwaka huo kitindamimba alikuwa darasa la saba. Shule ya kuanzia kidato cha kwanza ingefuata mahali anapoishi, kwa hiyo kama alikuwa wa kurudi nyumbani, wakati ulikuwa huo. Akishaanza sekondari kule juu angebaki huko, angekuwa wa huko kabisa, na mimi ningekuwa kaka wa Idi mpaka mwisho. Nilimtaka arudi. Chumba walicholala wazazi nilikipaka chokaa kabla hata sijamwambia mtu yeyote.

Kwetu, mtoto aliyechukuliwa na mjomba haombwi kwa siku moja. Unakwenda kwanza kusalimia, mkono mmoja una sukari, mwingine una jogoo, na neno lenyewe hulitoi. Unarudi tena, unashika jembe shambani kwake. Unarudi tena. Mjomba anajua ulichofuata, nawe unajua kwamba anajua, na wote mnazungumzia mvua. Mwisho kabisa unatuma mzee akaseme. Mtoto mwenyewe haingii katika mazungumzo hayo hata kidogo.

Nikaanza safari. Kutoka Handeni hadi Korogwe, ninamwona mdogo wangu kidogo, kisha pikipiki kupanda Vugiri, ambako masikio yanaziba na baridi inaingia kwenye mikono ya shati. Kule maji yanapita kando ya njia yenyewe, bure, usiku na mchana, na watoto wanaruka juu yake bila kuyatazama. Mimi kila nilipofika nilisimama kuyatazama.

Nilipalilia maharage ya mjomba. Nilishusha mikungu ya ndizi. Nilimsaidia kuziba paa la zizi. Mjomba si msemaji. "Palilia na ule upande," ndiyo hotuba yake. Mkewe alinikaribisha kwa chai ya iliki na kuniambia nimekonda. Kitindamimba alipita na ndoo, akanisalimia, "Shikamoo kaka," akaenda zake. Niliona mambo yanakwenda vizuri. Moyoni nilikuwa nahesabu kama mtu wa mchezo: leo hamsini, leo sitini.

Safari moja, nilipoaga, ni yeye aliyenisindikiza hadi kwenye pikipiki. Manyunyu yalikuwa yanashuka, yale ambayo hujui kama ni mvua au ni wingu. Tulitembea, halafu akasema:

"Kaka, unamsajili nani?"

"Wa msimu huu? Kuna kijana mmoja wa—"

"Si kule. Hapa."

Nikapunguza mwendo.

"Mimi ndiye mchezaji," akasema. "Mbona unamtembelea kocha wangu?"

Kama ningekuwa na kiti ningekaa. Alikuwa anacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Akaendelea, "Maharage umepalilia mpaka mjomba hana la kukupa. Mimi hujaniuliza hata ninapenda nini. Hujanichunguza, kaka."

"Sasa nakuuliza."

"Uliza vizuri."

Nikauliza vizuri. Nikamwambia nataka arudi nyumbani, tukae wote, asome sekondari Handeni. Nikamwuliza anataka nini, na anaogopa nini.

Alifikiria mpaka tukafika kwa mwenye pikipiki. "Sijui," akasema. "Nyumba siikumbuki. Najaribu kukumbuka mlango unatazama wapi, sioni. Namkumbuka mama kwa ile khanga tu. Hapa namjua kila mtu. Nalala na binti wa mjomba, tunapigania shuka kila siku, lakini nikiamka yupo. Huko nikiamka yupo nani?"

Mwenye pikipiki akapiga starti kututania. "Kaka mtu, unakwenda au unaposa?"

"Subiri, bwana," nikamwambia. Nikamgeukia mdogo wangu. "Njoo uone kwanza. Likizo. Ukaone mlango unatazama wapi."

Akakubali. Kwenye mchezo jambo hilo linaitwa ziara ya chuo, na ni hatari. Kijana akija siku ambayo timu yako imefungwa, asilimia inashuka badala ya kupanda.

Timu ya Handeni inafungwa kwenye maji. Wanaojua mji wetu wananielewa. Bomba linatoa linapojisikia, na lisipojisikia watu wanapanga madumu kisimani tangu alfajiri, au wanangoja wauzaji wa baiskeli. Yule wa Korogwe alinishauri mapema.

"Braza, jaza kila chombo kabla hajafika. Ndoo, sufuria, beseni. Likizo yenyewe fupi. Ataondoka hajui."

"Halafu akishahamia?"

"Akishahamia atazoea."

Nilikumbuka jambo moja la mchezo. Ukimwahidi kijana kwamba atacheza kila mechi ili akubali, atakuja kweli. Usipotimiza, msimu unaofuata anahamia chuo kingine, na wenzake wanaosikia hawaji tena kwako. "Siwezi," nikamwambia. "Aje aone yalivyo."

Alikuja. Mlango wetu unatazama barabara, alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaugusa, akasema, "Kumbe." Alizunguka nyumba akigusa vitu. Chumbani kwa wazazi alinusa chokaa, akakunja khanga ya mama aliyokuja nayo, akaiweka juu ya kitanda, akaitazama, akaichukua tena.

Kesho yake maji yakaisha. Tulikwenda kisimani pamoja. Alishika foleni na kina mama, wakamwuliza ni wa nani, akamtaja baba, na mama mmoja akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Sura ya mama yake hii! Jamani, njooni muone!" Wakamzunguka. Yule mama akataka kumpitisha mbele, mwingine akafoka, "Sura haichoti maji, akae kwenye foleni!" Wakacheka wote, naye akacheka. Jua lilikuwa kali. Tulirudi na dumu mojamoja, yeye akibadilisha mkono kila hatua chache.

Siku zilizobaki alikaa nami mashineni. Alijua kufunga kiroba baada ya kuoneshwa mara moja. Alitoka mweupe kama mimi, nyusi zimejaa unga, tukapiga picha tukaituma Korogwe. Yule akajibu: "Wazee wawili, shikamooni." Mchana foleni ilipokatika, tulikaa kwenye magunia tukaingia chuoni kwetu, mara hii kwenye simu moja. Alinionesha namna ya kuchunguza. Tukawafuata vijana watatu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukocha.

"Nikitoka shule nyumbani atakuwepo nani?" aliniuliza akiwa bado anatazama kioo.

Ningeweza kusema lolote. "Hakuna mtu," nikasema. "Mimi nipo hapa mpaka jioni. Unaweza kuja hapa. Kuna kelele, lakini nipo."

Akaitikia kwa kichwa kuonesha amesikia. Akarudi Vugiri bila kusema ndiyo wala hapana.

Nilibaki na tatizo lingine. Mzee wa ukoo upande wa baba alikuwa ameshakubali kwenda kusema neno kwa mjomba, na siku ilikuwa imekaribia. Nilikwenda kumwambia asubiri.

"Nisubiri nini? Jogoo si ulishapeleka?"

"Nilipeleka, mzee."

"Shamba si ulilima?"

"Nililima. Nangoja jibu la mtoto mwenyewe."

Alivua kofia, akaikagua kama kwamba kosa limo humo. "Mtoto anaulizwa siku hizi?"

"Huyu anaulizwa, mzee. Nisamehe."

"Akisema hataki?"

"Atabaki huko. Nitaendelea kwenda kumwona."

Mzee akavaa kofia. "Haya. Mimi nauli yangu imepona," akasema, na nilijua amekasirika lakini si sana.

Katika wiki hizo za kungoja ndipo nilipojua asilimia ni zawadi gani. Kule kwenye mchezo, hata ikiwa kumi tu, umeandikiwa. Huku kulikuwa na sauti zake za kila siku, zikizungumzia vijana wetu watatu, mitihani, ng'ombe aliyezaa. Kuhusu nyumba, kimya. Yule wa Korogwe aliniuliza kila mara, "Tuko ngapi, braza?" nami nikajibu sijui. Mara moja akasema, "Mimi naona nusu kwa nusu," kisha baadaye akatuma nyingine, sauti yake imebadilika: "Na mimi nataka arudi, braza. Nilikuwa sijasema tu." Niliisikiliza hiyo mara mbili, mashine ikiwa imezimwa.

Sikuruka wiki. Kila Jumapili niliyoweza nilipanda Vugiri, si kwa jembe tena, bali kukaa naye kwenye ukingo wa zizi. Nilijifunza kwamba anaogopa radi, hapendi bamia, anataka kuwa nesi au kocha.

Jumapili moja nilimkuta mjomba amekaa barazani na mkewe anachambua maharage. Kitindamimba alikuwa amesimama katikati yao, mikono nyuma. Nilipotoa shikamoo hakuningoja hata nikae.

"Mjomba," akasema, "nataka kwenda kuishi na kaka. Sitamtuma mzee. Nasema mwenyewe. Nitakuja likizo zote, na nikikumbuka hapa nitalia, lakini nataka kwenda."

Mke wa mjomba aliacha mkono ndani ya ungo. Mimi sikujua pa kutazama. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa, maana alikuwa amevunja utaratibu mzima mbele ya mwenye utaratibu, na mjomba angeweza kusimama, akaingia ndani, ikawa imekwisha.

Mjomba alinitazama mimi.

"Maji mnachota wapi?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Bomba, kisima, foleni, wauzaji wa baiskeli. Nikamwambia kwamba mtoto ameshaona.

"Nimeona, mjomba," akasema yeye.

"Hm," akasema mjomba. Akaokota haragwe lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo wa mkewe. "Kapalilie na ule upande," akaniambia. Nikaenda kupalilia, na nilipogeuka nilimwona mke wa mjomba amemvuta kitindamimba wetu magotini kwake kama mtoto mdogo, ingawa miguu ilikuwa inaburuta chini.

Walikuja shule zilipokaribia kufunguliwa, kwa gari lililoshusha ndizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu asubuhi. Kitindamimba alishuka na begi na godoro. Mjomba alipanda nyuma ya gari mwenyewe, akafungua kamba, na pamoja na dereva wakateremsha pipa la bluu, kubwa, lililofungwa mfuniko kwa mpira wa baiskeli. Nilipolishika kuwasaidia, lilinishinda. Lilikuwa na maji.

"Mjomba, umebeba maji toka Vugiri?"

"Nusu imemwagika kwenye kona," akasema, amekasirikia kona. "Dereva hasikii."

Tuliliweka kwenye kivuli cha ukuta. Alilisukuma kidogo kuhakikisha halitikisiki. "Haya kayazoea," akasema. "Yakiisha, ataanza na ya kwenu."

Kitindamimba alifungua mfuniko, akachota kikombe, akaniletea kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamepata moto njiani na yananuka plastiki. Nikanywa yote.